Helikopta za jeshi zikija kuzima moto: mambo ya kuzingatia kabla

Ndugu zangu mliohamia vilimani huku California mkifuata nafasi ya kufuga mbuzi, msimu wa moto haupigi hodi. Pasipoti, vyeti na dawa za mama viwe kwenye begi moja karibu na mlango. Mafuta ya gari yasishuke chini ya nusu tangi. Hayo mnayajua.

Droni ibaki kabatini. Januari 2025, kwenye moto wa Palisades kule Los Angeles, droni ya mtu ilitoboa bawa la ndege ya kumwaga maji, ndege ikabidi iegeshwe siku kadhaa.

Usisimame chini ya ndoo ya maji inayoning'inia chini ya helikopta eti unarekodi. Ndoo ya Chinook, helikopta kubwa ya jeshi yenye mapanga mbele na nyuma, hubeba kama lita 7,500, yaani tani saba na nusu. Ya Black Hawk, helikopta ya jeshi iliyo ndogo zaidi, ni kama lita 2,500, nayo inatosha kukuvunja shingo.

Lililonichoma mimi ni turubai. Tuna bwawa dogo nyuma ya zizi. Moto ulipovuka kilima cha pili, Black Hawk ya Walinzi wa Taifa (National Guard, wanajeshi wa akiba wa jimbo) ikaja kuchota kwetu, mke wangu akapiga kigelegele. Marobota ya nyasi nilikuwa nimeyafunika kwa turubai la buluu, nikaliwekea matofali manne, nikaona yatosha. Rubani alipoanza kushuka, upepo wa mapanga ya helikopta ukafagia uwanja mzima: vumbi, viti vya plastiki, karai la mbuzi. Mara turubai likanyanyuka, likamfuata juu. Likinaswa na panga, wote waliomo wamekwisha. Akapandisha haraka, ndoo ikining'inia tupu, akaenda kuchota ng'ambo ya bonde. Hakurudi. Jioni ile mzee jirani yetu akapoteza ghala. Hajawahi kunilaumu, na ndiyo maana kumsalimia kunaniwia vigumu.

Kwa hiyo kiangazi kisikukute na takataka kando ya bwawa. Turubai, mabati yaliyolegea, mtumbwi wa watoto: ondoa vyote. Waya usipite juu ya maji. Mbuzi wafungie mbali, wakikurupuka wanavunja uzio.

Wala usikae kuwasubiri wanajeshi. Septemba 2020, moto wa Creek ulipowazingira waliopiga kambi kwenye bwawa la Mammoth Pool huku California, helikopta za jeshi ziliwatoa zaidi ya 200 usiku, Chinook moja ikibeba 102 kwa safari moja. Ni kweli, na kila mtu huku anaisimulia. Lakini wale barabara ilikuwa imeshafungwa na moto. Wewe yako iko wazi, unangoja nini? Moshi ukitanda mno, rubani naye haoni.

Ukitoka, geti usilifunge kwa kufuli. Zima gesi. Mpira wa maji usiuache ukitiririka juu ya paa, unawapunguzia zimamoto presha. Vaa viatu vya kufunika mguu, malapa yanayeyuka. Na simu ichajiwe usiku, si asubuhi ile umeme ukishakatwa.