Dawa Imezuia Virusi, au Imesimamisha Seli? Namna ya Kupima

Ukichuja dawa za retrovirusi (virusi vinavyogeuza RNA yao kuwa DNA) kwa kuhesabu seli zinazong'aa kijani, baadhi ya "washindi" wa mwanzo hawana habari na virusi. Wamesimamisha seli tu. Virusi vya leukemia ya panya (MLV) haviwezi kupita kwenye utando wa kiini ukiwa mzima. Hungoja seli igawanyike, utando uvunjike, ndipo DNA yao iifikie kromosomu. Seli isipogawanyika havifiki, hata kama dawa haikuvigusa kabisa. Vekta za HIV, yaani virusi vya HIV vilivyogeuzwa kuwa vibebaji vya jeni, hupita kwenye vitundu vya kiini bila kungoja. Kwa hiyo pima zote mbili sambamba, kila moja ikiwa na jeni ya GFP, protini inayoifanya seli iliyoambukizwa ing'ae kijani.

Siku ya kwanza panda seli za HeLa (seli za binadamu zinazokuzwa maabara) 5,000 kwa kila kisima cha sahani ya visima 96, katika mikrolita 100. Visima vya ukingoni visitumike: vijaze maji safi, kwa kuwa hukauka upesi kuliko vya katikati. Acha sahani mezani dakika 20 kabla ya kuiingiza kwenye inkubeta. Ukiiharakisha, joto lisilo sawa huzisukuma seli kando ya kisima na hesabu inaharibika.

Kesho yake weka dawa, kwa kawaida mikromola 10. DMSO, kiyeyushi cha dawa, isizidi asilimia 0.5, na iwe kiasi kilekile hata kwenye visima visivyo na dawa. Baada ya saa moja ongeza virusi pamoja na polibrini, inayosaidia virusi kujishika kwenye seli, mikrogramu 8 kwa mililita. Kazi hii ni ya kabati la usalama wa kibiolojia, kiwango cha 2.

Kiasi cha virusi ndipo wengi wanapokosea. Mtu hupenda kuona sahani nzima ya kijani, kumbe ameshaua kipimo chake. Ukiweka wastani wa virusi 3 kwa seli, asilimia 95 zitang'aa. Dawa ikikata nusu ya virusi, bado asilimia 78 zitang'aa, na utadhani haina nguvu. Ukiweka wastani wa 0.3, asilimia 26 zitang'aa, na nusu ikikatwa zitabaki 14. Tofauti hiyo inaonekana. Pima nguvu ya kila mzigo wa virusi upya, na gawa kwenye vichupa vidogo kabla ya kugandisha, maana kila kuyeyusha kunapunguza virusi hai.

Kila sahani iwe na vidhibiti vitatu: DMSO peke yake; AZT mikromola 10, inayozuia RNA ya virusi kugeuzwa DNA; na afidikolini mikromola 5, inayosimamisha seli bila kuvigusa virusi. Hiki cha tatu ndicho watu hukiruka, nacho ndicho kinachomwumbua mwongo.

Baada ya saa 48 usimwage chakula cha seli. Seli zilizo katikati ya kugawanyika huwa mviringo, zimejishika kidogo sana, na mkondo wa pipeti unazing'oa. Dawa iliyozikwamisha hapo itaonekana kana kwamba imeziua. Ongeza formaldehidi ya asilimia 8, ujazo sawa na ule uliomo, ukiidondoshea ukutani mwa kisima. Ngoja dakika 15, kisha tia rangi ya Hoechst, inayong'arisha DNA, na uhesabu viini pamoja na kijani.

Sasa soma. Kijani kikipungua kwa MLV na kwa HIV, na idadi ya viini ikilingana na DMSO, dawa hiyo inastahili kufuatwa. Kikipungua kwa MLV tu na viini vimebaki karibu na idadi iliyokuwapo ulipoweka dawa, shuku mgawanyiko. Hakikisha kwa kingamwili ya histoni H3 (protini inayozungushiwa DNA) yenye fosfati kwenye serini ya 10, alama ya mitosisi, yaani kugawanyika kwa kiini: seli zenye alama hiyo zikiwa nyingi, zimekwama ndani ya mitosisi; zikikosekana kabisa, zimekwama kabla yake. Viini vikipungua chini ya idadi hiyo ya ulipoweka dawa, hiyo ni sumu. Dawa zilizobaki zirudie kwa viwango vinane, kuanzia mikromola 30 ukipunguza mara tatu kila hatua.