Jinsi ya kuingiza uwanja wa mtaa kwenye bajeti ya kaunti

Nchini Kenya, Katiba ya 2010 iliwapa serikali za kaunti jukumu la vifaa na viwanja vya michezo. Hata hivyo timu nyingi huanza kumfuata mwakilishi wadi mwezi wa Mei, wakati makadirio ya bajeti tayari yako katika bunge la kaunti. Hapo mmechelewa: wawakilishi wakiuongezea mradi mmoja pesa, sheria inawataka wapunguze kwingine.

Anzeni na ardhi, kwa maana hapa ndipo maombi mengi hufia. Chukueni nambari ya kipande, mwende ofisi ya usajili wa ardhi mthibitishe jina lililo kwenye rejista. Kama ni shamba la mtu binafsi, hata liwe limechezewa miaka mingi, kaunti haiwezi kulijenga kwa pesa za umma. Kiwanja cha shule ya msingi nacho ni mtego. Shule hizo ziko chini ya serikali ya kitaifa, na kaunti ikitumia pesa pale bila makubaliano ya maandishi, wakaguzi wa hesabu watauliza. Pimeni pia ukubwa: uwanja wa soka wa mita 105 kwa 68, pamoja na nafasi ya pembeni, unataka takribani ekari mbili.

Kisha someni Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa Kaunti, ule wa miaka mitano. Kifungu cha 104 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinakataza kutenga pesa za umma nje ya mpango ulioidhinishwa. Tafuteni sehemu ya michezo na wadi yenu, mnakili ukurasa na maneno yenyewe, mwambatanishe na ombi.

Ombi lifike idara ya michezo kabla ya Agosti, kwa kuwa mpango wa maendeleo wa mwaka wa fedha unaofuata (Julai hadi Juni) hupelekwa bungeni kufikia Septemba 1. Viwango vya juu vya matumizi ya kila idara huwekwa Februari, na makadirio hufika bungeni kufikia Aprili 30. Katika vikao vya umma, pelekeni maoni kwa maandishi, mbaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Kelele za ukumbini husahaulika upesi.

Msiandike “kuboresha uwanja”. Maneno hayo humalizwa kwa milingoti miwili na rangi. Andikeni kazi kwa mpangilio: kusawazisha, mitaro ya maji, nyasi, vyoo vya wanawake na wanaume, uzio. Mitaro ikiachwa, mvua ya kwanza inaondoka na udongo na nyasi zote. Tajeni pia nani atafyeka na maji yatatoka wapi. Idara huogopa, na kwa haki kabisa, kujenga kitu kitakachogeuka malisho ya mbuzi.

Bajeti ikipita, fuatilieni zabuni mapema na mwangalie bajeti ya ziada, ile inayobadilisha bajeti katikati ya mwaka. Miradi isiyoanza ndiyo hupunguzwa kwanza, na pesa zisizotumika kufikia Juni 30 hupoteza idhini yake.