Kuonyesha ziwa lilikuwa wapi kabla halijameza boma

Boma la baba lilikuwa kusini ya Kampi ya Samaki, ekari mbili ukingoni mwa Ziwa Baringo. Sasa liko chini ya maji, na migunga iliyokauka imesimama humo kama vigingi. Karani mmoja alitazama cheti chetu cha ardhi akasema hapo pamekuwa ziwa tangu zamani. Si kweli, na picha zipo. Setilaiti za Landsat zinaipiga dunia picha tangu 1972, na mwaka 2008 Marekani ilifungua ghala lake lote bure kwa kila mtu.

Ingia earthexplorer.usgs.gov, ujisajili kwa barua pepe. Usihangaike kuchora eneo kwenye ramani: palipoandikwa "Path" weka 169, "Row" weka 60. Ziwa Baringo lote limo. Chagua Januari hadi Machi, kiangazi, mawingu yasizidi asilimia 10.

Kwa picha ya kabla ya maji kupanda, yaani 2010 kurudi nyuma, tafuta Landsat 5. Landsat 7 ina picha nyingi, lakini kuanzia 31 Mei 2003 kifaa chake kimoja kiliharibika na kila picha ina michirizi myeusi. Usishangae kukuta miaka mitupu: Landsat 5 haikuwa na kinasa cha kuhifadhi picha ndani yake, na pasipo kituo cha kupokea, picha haikubaki. Jaribu mwaka wa jirani. Kwa picha ya sasa chukua Landsat 8 au 9.

Bunda zima la picha moja ya Landsat 8 au 9 linakaribia gigabaiti moja. Litamaliza bando lako bure. Ndani yake kila aina ya mwanga ina faili lake, linaloitwa bendi. Pakua bendi moja tu, ile ya infraredi ya karibu, mwanga usioonekana kwa macho, kwa sababu maji huumeza mwanga huo: ziwa linatoka jeusi, nchi kavu inang'aa. Hapa ndipo wengi hukosea. Bendi hiyo ni namba 4 kwenye Landsat 5, lakini ni namba 5 kwenye Landsat 8 na 9.

Zifungue zote mbili kwenye QGIS, programu ya bure ya ramani, moja juu ya nyingine. Pikseli moja, yaani kimraba kimoja cha picha, ni mita 30 kwa 30, karibu sawa na ploti ya futi 100 kwa 100. Ekari mbili za baba ni pikseli tisa. Nilizihesabu na mama: tisa nyeupe kwenye picha ya zamani, tisa nyeusi kwenye mpya. Alizigusa kwa kidole, moja moja.

Mwenye ploti ya 50 kwa 100 ataona vizuri zaidi kwa Sentinel-2, setilaiti za Ulaya zenye pikseli ya mita 10, kwenye tovuti ya Copernicus Browser, hata kwa simu. Ila inaanza 2015, na kufikia hapo maji yalishapanda.

Jina la faili usilibadilishe. Lina 169060, yaani Path na Row, na tarehe ya picha. Lichape chini ya kila nakala. Kisha beba na ramani ya mipaka kutoka ofisi ya ardhi, maana setilaiti inaonyesha maji yalipofika, haionyeshi shamba ni la nani.