Jinsi ya Kutathmini Rangi Ngeni na Chapa Maradufu kwenye Sarafu za Kisasa za Marekani

Mkusanyaji anayekutana na sarafu ya Marekani iliyogeuka zambarau, au yenye tarakimu za mwaka zinazoonekana mara mbili, aanze na swali moja: jambo hili liliipata sarafu lini? Kasoro iliyokuwamo katika mhuri wa chuma kabla ya sarafu kupigwa chapa hutafutwa na kulipiwa vizuri. Ile iliyozuka mhuri ulipoteleza mara tu baada ya kugonga, au ulipochakaa, kwa kawaida haiongezi bei. Yale yaliyoipata sarafu baada ya kutoka kiwandani yanaweza kuwa pambo au uharibifu, na kuyatenganisha hayo mawili kunahitaji subira zaidi.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: lenzi ya kukuza mara tano hadi mara kumi, mizani inayosoma hadi gramu 0.01, na taa moja ya mwanga mweupe inayowekwa upande. Ishike sarafu kwa ukingo, uigeuze polepole chini ya taa, wala usiisugue hata kwa kitambaa laini. Picha iliyopigwa chini ya taa nyingi huzaa vivuli vinavyofanana na maandishi maradufu, kwa hiyo usitoe uamuzi kwa kutegemea picha peke yake.

Tuanze na chapa maradufu. Hadi miaka ya 1990, mhuri wa kugongea sarafu ulitengenezwa kwa kukandamizwa zaidi ya mara moja na mhuri mama, yaani kile chuma chenye sura ya kuigwa, na katikati ya migandamizo hiyo chuma kilipashwa moto ili kilainike. Mgandamizo wa pili ulipokosa kulingana na wa kwanza, mhuri ulibaki na sura mbili, na kila sarafu iliyogongwa kwa mhuri huo ilizaliwa na sura hizo mbili. Hivyo ndivyo zilivyopatikana senti maarufu za Lincoln, zenye sura ya Rais Abraham Lincoln, za mwaka 1955 na 1972, na ile ya 1995 ambayo maradufu yake huonekana hasa katika neno LIBERTY na katika maneno IN GOD. Katika senti ya 1984, kinachotafutwa ni ncha ya pili ya sikio la Lincoln.

Maradufu ya kweli yana dalili zake: sura zote mbili ni za mviringo na zimeinuka, herufi imenenepa kuliko kawaida, na kwenye pembe zake mna mwanya mdogo unaoonyesha mahali sura moja inapoachana na nyingine. Maradufu yatokanayo na mhuri uliolegea ndani ya mashine ni kinyume chake. Mhuri huo huteleza kidogo mara tu baada ya kugonga na kusukuma ubavu wa herufi, nayo herufi hupungua unene na kuachiwa ngazi bapa, ya chini, inayong'aa kama iliyokwanguliwa. Sarafu nyingi zinazotangazwa kuwa za ajabu ni za aina hii. Ninalisema hili kwa msisitizo kwa sababu wanaoanza ndio wanaopoteza fedha hapa.

Kipo kipimo ambacho mimi hukithamini kuliko vyote kwa sarafu zilizotengenezwa kabla ya 1990. Katika sarafu za kawaida za miaka hiyo, herufi ya kiwanda, yaani D ya Denver au S ya San Francisco, iligongwa kwa mkono katika kila mhuri baada ya sura nyingine zote kukamilika. Basi kosa la mhuri mama halikuweza kuigusa. Ukiona tarakimu za mwaka na herufi ya kiwanda zote zimerudiwa kwa upande uleule na kwa namna ileile, umeshika sarafu iliyoteleza kwenye mashine. Senti ya 1969 yenye herufi S, ambayo ni miongoni mwa zinazotafutwa sana, ina maneno na tarakimu zilizorudiwa waziwazi huku S ikiwa moja tu. Ikiwa S peke yake ndiyo imerudiwa, hiyo ni kasoro nyingine halali, ya herufi iliyogongwa mara mbili.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 kiwanda kilihamia kwenye mgandamizo mmoja. Tangu hapo maradufu ya kweli huwa madogo na hukaa karibu na katikati ya sarafu, kama vidole vya ziada kwenye baadhi ya senti za 2009 zinazomwonyesha Lincoln kijana akisoma. Maradufu makubwa ya maandishi ya pembeni kwenye sarafu ya miaka hii yatiliwe shaka mara moja.

Senti za kuanzia 1983, na baadhi ya zile za 1982, zina mtego wao. Ni zinki iliyovikwa utando mwembamba wa shaba, zenye uzito wa gramu 2.5 badala ya 3.11 za zamani, na utando huo ukipasuka kando ya herufi huacha mstari wa kijivu unaodanganya jicho. Mhuri uliochakaa nao hutoa herufi zilizovimba na uwanja, yaani sehemu tambarare isiyo na sura wala maandishi, wenye mikwaruzo inayokimbilia ukingoni.

Kwa upande wa rangi, anza na madini. Senti 10 na robo dola za matumizi ya kawaida tangu 1965 zina moyo wa shaba tupu, na nje zimefunikwa kwa mchanganyiko wa shaba asilimia 75 na nikeli asilimia 25. Sarafu ya fedha ya Eagle, iliyoanza 1986, ni fedha ya asilimia 99.9. Fedha ikikutana na salfa iliyomo hewani au katika karatasi hujenga utando mwembamba, na kadiri utando unavyonenepa rangi hufuatana kwa mpangilio: manjano hafifu, kahawia ya dhahabu, zambarau nyekundu, buluu, kisha manjano na zambarau tena, na baadaye kijani. Rangi ya asili hupita hatua hizo bila kuruka, hufifia taratibu kuelekea katikati, na mng'ao wa chuma huendelea kuzunguka chini yake. Rangi iliyolazimishwa kwa kemikali au moto mara nyingi huruka hatua, hukaa juu kama rangi ya kupaka, au huingia ndani ya mikwaruzo iliyotokea baada ya sarafu kusafishwa.

Robo dola iliyo nyekundu upande mmoja ipimwe kabla ya kusifiwa. Uzito kamili ni gramu 5.67, na iliyokosa tabaka la nje la upande huo hupungua takriban sehemu moja kati ya sita. Ikiwa uzito umetimia, wekundu huo kwa kawaida ni doa la udongo au kemikali. Ute wa kijani unaonata hutoka kwenye plastiki laini ya kuhifadhia. Uondoe kwa kuiloweka sarafu katika asetoni safi, mahali penye hewa na mbali na moto, kisha uihamishie katika kasha gumu lisilo na plastiki ya aina hiyo.