PSA ya mzee ikipanda, ulizia MRI kabla hajachukuliwa vinyama

Mzee akirudi na majibu PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) iko juu, msikimbilie sindano ya kutoa vinyama vya kupima kansa hapohapo. Kwanza kipimo kirudiwe, maana UTI inapandisha PSA, hata tendo la ndoa siku mbili kabla linaweza kuipandisha, kwa hiyo kama ana UTI atibiwe, zipite kama wiki 6 ndo apime tena. Bado iko juu? Hapo sasa muulizeni daktari wa mfumo wa mkojo kuhusu MRI ya tezi dume, yaani picha ya mashine ya sumaku, na muulize mapema kwa sababu ikishatangulia sindano ile damu iliyovilia ndani inachafua picha, mtakaa wiki kibao mkisubiri.

Nakazania hivi kwa sababu sindano inayoongozwa na altrasaundi peke yake inachoma kwa mpangilio tu, huku na huku, kansa kali inaweza kupitwa halafu kale kadogo kasiko na madhara ndo kakaonekana, mzee wa watu akaanza matibabu asiyoyahitaji. Utafiti wa PRECISION wa 2018 ulichukua wanaume 500, walioanza na MRI kansa ya kutibiwa ilionekana kwa 38%, wa sindano za kawaida 26%, na kati ya hao wa MRI 28% hawakuchomwa kabisa!

Siku ya kipimo aseme kama ana betri ya moyo au chuma mwilini, figo zake ziangaliwe kama atawekewa dawa ya kung'arisha picha, na aende haja kubwa kabla ya kuingia maana hewa na choo vinaharibu picha. Mashine ina kelele sana, apewe vya kuziba masikio, atulie tuli.

Kwenye ripoti tafuteni PI-RADS, alama ya 1 hadi 5 inayoonyesha uwezekano wa kansa kali. 1 na 2 uwezekano wa kansa kali ni mdogo, 4 na 5 vinyama vichukuliwe, na muulize kabisa kama anayechoma ataifuata ile picha, bebeni na CD yake. 3 ndo inasumbua watu, hapo gawanya PSA kwa ujazo wa tezi kwa mililita. PSA 9 kwenye tezi ya 90 ni 0.1, inatuliza kidogo, ila PSA hiyohiyo kwenye tezi ya 45 ni 0.2, na kuanzia 0.15 madaktari wengi wanataka kuchoma.

Picha ikitoka safi PSA iendelee kufuatiliwa, MRI nayo inakosa baadhi. Na kama baba yake au kaka yake aliugua kansa hii mwambieni daktari waziwazi, anaweza kuamua vinyama vichukuliwe hivyohivyo.