Kabla ya kuitikia bei ya dalali: thamani ya nyumba Kampala na pembeni yake

Shemeji yangu alistaafu jeshi, akapokea kiinua mgongo chake, na wiki hiyohiyo dalali akampigia simu. Kuna nyumba ya vyumba vitatu upande wa Kira, pembeni ya Kampala, shilingi za Uganda milioni 280, mwenyewe ana shida ya haraka. Akaniuliza, "Shemeji, hiyo bei ni halali?" Sikuweza kumjibu. Bei inayotajwa kwenye simu ni kile muuzaji anachotamani, pamoja na fungu la dalali juu yake. Wakijua mnunuzi ni mtu wa kyeyo, yaani anayefanya kazi ng'ambo, yuko Dubai au London, inapanda tena kabla hajashuka Entebbe. Pesa ile ilikuwa ya miaka yote aliyotumikia, na mimi sikutaka aitoe kwa kubahatisha.

Tulianza na ardhi, wala si nyumba. Katiba ya 1995 inatambua mifumo minne ya kumiliki ardhi Uganda: mailo, umiliki huru (freehold), lizi yaani ardhi ya kukodi kwa miaka maalumu, na ardhi ya kimila. Nyumba mbili zilizojengwa na fundi mmoja, kwa ramani moja, zinaweza kupishana bei kwa mamilioni mengi kwa sababu ya ardhi iliyo chini yake tu. Mailo ilitokana na Mkataba wa Buganda wa 1900, na juu yake mara nyingi kuna watu wawili wenye haki: mwenye hati, na mwenye kibanja, yaani anayekaa kwenye kipande cha ardhi hiyo na kumlipa mwenye hati busuulu, kodi ya ardhi ya kila mwaka. Ukinunua kibanja umenunua haki ya kukaa pale, hati inabaki kwa mwingine. Nyumba inaweza kuwa na vigae vinavyong'aa na geti zito la chuma, bado ni kibanja, na benki nyingi hazitaichukua kuwa dhamana ya mkopo. Tena sheria inamtaka mwenye kibanja anayeuza ampe kwanza mwenye ardhi nafasi ya kununua. Akimruka, mauzo yanabatilika. Kwa hiyo usikubali kuambiwa "jirani aliuza milioni 250" kabla hujauliza jirani aliuza nini, hati au kibanja.

Kwa lizi, hesabu miaka iliyobaki. Lizi ya miaka 49 iliyoanza 1990 inaisha 2039, na mtu anayeinunua leo hanunui kitu kilekile alichopata mwenzake wa 1990. Ndugu zetu wa kutoka Kenya au Kongo wajue pia kwamba asiye raia hapa hapewi mailo wala umiliki huru. Anapata lizi, isiyozidi miaka 99.

Hayo yote yanathibitishwa kwenye ofisi ya kanda ya Wizara ya Ardhi. Kwa Kira ni ile ya Wakiso. Nenda na namba ya bloku na ploti, uombe taarifa rasmi ya hati: jina la nani limeandikwa, kuna rehani ya benki, kuna zuio la mtu? Usitosheke na kopi aliyokuja nayo dalali. Kama ni nyumba ambayo familia inaishi, mke au mume wa muuzaji lazima aridhie kwa maandishi.

Halafu mlete mpima ardhi afungue mipaka, yaani ayatafute mawe yake na kupima upya. Kila mtu anasema "50 kwa 100", lakini futi 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000, yaani desimali 11 na nusu hivi, wakati ekari nzima ni desimali 100. Sisi tuliambiwa desimali 13. Jiwe moja la mpaka lilikuwa ndani ya ua wa jirani.

Bei za kulinganisha nazo ni zile zilizolipwa. Zinazotangazwa hazisaidii. Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, mara nyingi ndiye anayeshuhudia mikataba ya kijiji chake, hivyo mwendee kwa adabu, kaa naye, muulize nyumba zilizouzwa mwaka huu. Tafuta angalau tatu: kijiji kilekile, aina ileile ya ardhi, ukubwa unaokaribiana. Hata ndani ya kijiji kimoja mlimani si sawa na bondeni, na nyumba iliyo kando ya lami haiwekwi kundi moja na ile inayofikiwa kwa kuruka madimbwi.

Bondeni ndiko nataka msomaji akae kidogo. Nyumba ya Kira tuliiona mara ya kwanza mchana wa jua, ikapendeza. Nikamwambia shemeji turudi mvua ikinyesha. Tuliporudi, niliona kwamba sebuleni rangi ilikuwa mpya kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti, na juu ya hapo ya zamani. Nikabonyeza kwa kidole gumba. Rangi ikabonyea kama utando wa maziwa, ikabanduka, na lipu ya ndani ilikuwa mbichi, inanuka tope. Mama anayeuza mkaa mkabala wa geti alituambia bila kuulizwa mara mbili kwamba Aprili maji huingia hadi jikoni. Kwa walio karibu na ziwa, kumbukeni Mei 2020, kipimo cha Ziwa Viktoria pale Jinja kilipofika meta 13.42 na kupita rekodi ya 1964. Nyumba za ufukweni ziliogelea. Kanuni za mazingira zinalinda ukingo wa meta 200 kutoka ziwani, na nyumba iliyo ndani ya ukingo huo au ndani ya kinamasi inaweza kubomolewa hata kama mwenyewe ana hati mkononi.

Kisha jaribu bei kwa kodi ya pango. Uliza nyumba ya namna ile inapangishwa shilingi ngapi pale. Tuchukulie ni milioni 1.2 kwa mwezi: kwa mwaka ni milioni 14.4, na kwa bei ya milioni 280 hiyo ni kama asilimia 5 tu, kabla ya kodi ya serikali na matengenezo. Hatifungani za serikali ya Uganda zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 10. Si kwamba usinunue, kwani nyumba ni makao pia. Ila pengo likiwa kubwa hivyo, bei imekaa juu.

Toa kwenye bei gharama za kurekebisha: paa, shimo la choo, deni la maji, plani isiyopitishwa. Tenga pia pesa za ushuru wa stempu wa asilimia 1.5, ambao hukokotolewa kwa thamani atakayoikubali mthamini wa serikali, na inaweza kuzidi ile mliyoandika kwenye mkataba.

Mwisho mlipe mthamini aliyesajiliwa. Ripoti yake kwa kawaida hutoa tarakimu mbili, thamani ya soko na thamani ya kuuza kwa haraka, na muuzaji mwenye haraka ya kweli huanzia karibu na ile ya pili. Mthamini huyo umtafute mwenyewe, asiwe aliyeshuka kwenye gari la dalali.