Somo: Kuleta picha ya kamera ya mbali mezani, kwa faiba na kwa mawimbi

Habari zenu wanachama. Somo hili ni la mafundi wenye kamera tatu au nne, swicha moja (mashine ya kuchagua picha ya kamera gani iende hewani) na jenereta, wanaorusha mubashara mechi za ndondo, harusi za uwanjani na mikutano ya hadhara. Wenye gari la OB, lile la kurushia matangazo nje ya studio, wana mafundi wao. Mimi naongea na anayebeba vifaa kwenye Noah.

Nianze na kilichonikuta. Asubuhi tulifunga kamera ya mawimbi, yaani inayotuma picha bila waya, nyuma ya goli la mbali, tukaijaribu, picha ikawa safi kama maji ya mtungi. Saa kumi jioni watu wakajaa. Kipindi cha pili picha ikaanza kukatika, na goli pekee la mechi ile halikuonekana. Kifaa kilikuwa kizima. Kosa lilikuwa letu: tulipima uwanja mtupu, tukarushia uwanja uliojaa.

Hatua ya 1: Tembea njia ya waya kwa miguu.
Uwanja wa mpira wa vipimo vya kimataifa una urefu wa mita 105 na upana wa mita 68, lakini waya haukati katikati ya uwanja. Unazunguka kona, unapanda uzio, unakwepa geti la magari. Kutoka goli la mbali hadi meza ya swicha utakuta mita 150 au 200. Waya wa shaba wa SDI, ule wa kawaida wa kupitisha picha kutoka kamera hadi swicha, hata ukiwa mzuri, picha ya HD ya gigabiti 1.485 kwa sekunde huanza kuchoka ukikaribia mita 100. Ya 3G-SDI (si 3G ya simu), gigabiti 2.97, huchoka mapema zaidi. Na SDI haikupi onyo refu: unaona nukunuku chache, kisha skrini nyeusi.

Hatua ya 2: Amua nani anapata faiba.
Kamera isiyohama ipewe faiba. Kamera inayotembea ipewe mawimbi. Kamera kuu, ile unayoikimbilia mambo yakiharibika, isipewe mawimbi hata siku moja.

Hatua ya 3: Nunua faiba inayofaa.
Unahitaji konvata mbili: moja kwenye kamera inayogeuza SDI kuwa mwanga, nyingine mezani inayoirudisha kuwa SDI. Chukua faiba ya singomodi, yenye kiini cha maikroni 9, na konvata za nanomita 1310. Nyingi zinafika kilomita 10, kwa hiyo mita 200 kwake si kitu. Ukitaka picha ya kurudi na taa ya tali (inayomwonyesha kuwa kamera yake iko hewani) kwa kameramani, chukua konvata za njia mbili.

Hatua ya 4: Usafi.
Hapa naomba utulie, kwa sababu hapa ndipo kazi nyingi zinapofia.

Kiini cha maikroni 9 ni chembamba mno. Unywele wa mtu una maikroni 50 hadi 100. Chembe moja ya vumbi la uwanjani, ambayo jicho haliioni, inaweza kuziba njia yote ya mwanga. Na viwanja vyetu ni vumbi tupu. Nimeona fundi akipuliza konekta kwa mdomo kisha akaifuta kwenye shati. Pumzi ina unyevu, shati lina mafuta ya mwili na nyuzi. Amepaka uchafu juu ya uchafu, na akiichomeka hivyo anakwaruza na uso wa upande wa pili.

Nunua kalamu ya kusafishia faiba. Kama huna, tumia spiriti ya isopropili ya asilimia 99 na kitambaa kisichotoa nyuzi, ukimaliza na kitambaa kikavu. Safisha pande zote mbili, kila unapochomeka, hata kama umefungua kifuniko sasa hivi, maana vifuniko vyenyewe vina vumbi. Vifuniko viwili ukivitoa vifunikiane, visikae mfukoni.

Na usichungulie ndani ya faiba iliyo kazini. Mwanga wa nanomita 1310 hauonekani kwa macho, lakini bado ni leza.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya mwanga.
Kila konvata ina karatasi inayotaja nguvu ya kutuma na kiwango cha chini cha kupokea. Tuseme yako inatuma -5 na inapokea mpaka -18. Una desibeli 13 za kutumia. Faiba kwa nanomita 1310 inakula takriban desibeli 0.35 kwa kilomita, hivyo mita 400 zinakula 0.14 tu. Maungio manne, kila moja nusu desibeli, yanakula 2. Weka akiba ya 3. Jumla ni 5.14, na bado una nafasi kubwa.

Angalia hizo namba tena. Umbali umekula kiasi kidogo mno. Kilichokula ni maungio. Kwa hiyo roli moja ndefu ni bora kuliko vipande vitatu vilivyoungwa. Usikunje waya kwa kona kali, na usiufunge kwa kamba ya plastiki iliyokazwa mpaka umeminywa.

Hatua ya 6: Umeme.
Faiba ni kioo, haibebi umeme. Hii ni baraka pale kamera inapotumia jenereta moja na meza nyingine: ile michirizi inayopanda kwenye picha na mvumo kwenye sauti havipiti. Ila konvata ya kule kwenye kamera inahitaji betri yake. Isipangwe dakika za mwisho.

Hatua ya 7: Mawimbi.
Vifaa vingi vya bei ya kawaida vinatumia masafa ya gigahezi 5, yale yale ya Wi-Fi. Mwili wa binadamu umejaa maji, na maji yanayameza mawimbi hayo. Halafu kila mtu jukwaani ana simu.

Mawimbi hayapiti kama uzi ulionyooka. Yananenepa katikati kama mtumbwi. Kwa gigahezi 5.8 na umbali wa mita 200, unene huo unafika mita 1.6 juu na chini ya mstari katikati ya safari. Angalau asilimia 60 yake iwe wazi, yaani karibu mita moja. Kameramani amebeba kifaa cha kutuma kwenye mita 1.7, ukiipandisha risiva, yaani kifaa cha kupokea, mita 4 juu ya nguzo, katikati ya njia mstari unapita mita 2.85. Vichwa vya waliosimama viko chini yake kwa zaidi ya mita moja. Ukiiacha risiva mezani, umeshapoteza.

Lakini la kukuokoa zaidi ni hili: si lazima risiva ikae mezani. Isogeze karibu na kamera, mita 30 au 40, kisha faiba imalizie safari. Hewa ipewe kipande kifupi, kioo kipewe safari ndefu. Tangu tuanze kufanya hivi, kamera ya goli haijatupotea tena.

Kuhusu kibali, waulize TCRA kwa Tanzania au Communications Authority kwa Kenya kabla ya kuagiza kifaa cha nguvu kubwa.

Hatua ya 8: Linganisha muda.
Katika faiba ya mita 400 picha inachelewa sehemu mbili tu kati ya milioni za sekunde moja. Vifaa vya mawimbi vinavyobana picha vinaweza kuchelewa fremu mbili au zaidi. Simamisha mtu mmoja apige makofi mbele ya kamera zote, rekodi, hesabu fremu, kisha chelewesha sauti na kamera nyingine zilingane.

Maswali ya wanachama

*Fundi wa Tanga:* Shikamoo mwalimu. Waya wa faiba ya intaneti ya nyumbani ni rahisi mno mtaani. Naweza kuutumia?

Marahaba. Unaweza, nami nilianza nao. Ni singomodi, na mwingi unavumilia kukunjwa. Ila una waya wa chuma ndani, unakuwa mgumu na haupendi kukunjwa na kukunjuliwa kila wiki. La hatari zaidi ni konekta: za nyumbani ni za kijani, uso wake umekatwa kwa mshazari wa nyuzi 8. Konvata nyingi za video zinataka za bluu. Kijani ikiingia kwenye bluu, kioo hakigusani na kioo, mwanga unapotea, na nyuso zinaweza kuharibika. Mwambie fundi akufungie za bluu pande zote.

*Dada wa Mwanza:* Bodaboda imekanyaga waya, picha imekata. Nitajuaje palipokatika?

Pole dada. Nunua tochi ya leza nyekundu ya faiba, si ghali. Chomeka upande mmoja, zima taa, tembea na waya. Palipovunjika patang'aa kwa wekundu kama ganda si jeusi na nene. Geti lolote la magari, pitisha waya juu au uuzike.

*Kijana wa Mombasa:* Kaka, mimi natoa picha uwanjani kwenda mtandaoni kwa laini nne za simu za kampuni tofauti. Mwezi wa tano 2024 zote zililegea kwa pamoja. Si ndiyo maana tunaziunganisha?

Laini nne zinakusaidia mnara mmoja ukielemewa na watu. Tarehe 12 Mei 2024 kilichokatika kilikuwa baharini: EASSy na Seacom, mikongo miwili ya chini ya bahari inayobeba sehemu kubwa ya intaneti yetu, ilikatika siku moja upande wa Afrika Kusini. Kampuni zako ni tofauti, lakini bahari ilikuwa moja. Ukiweza, picha ipokelewe kwanza na seva iliyo ndani ya nchi, halafu kutoka hapo ndiyo iende nje. Na swicha irekodi kwenye diski muda wote, laini ziwe nzima au zisiwe. Siku ile tuliokuwa na diski tulipandisha shughuli nzima usiku, na mwenye harusi akaipata yote.